Picha ya Dada

Jirani yangu hapa Kibiti amepasua godoro la mama yake. Mama mwenyewe alifariki kabla ya mfungo, na binti, katika kukiweka chumba sawa, akaona alipasue, aanike sufi uani, ile nzima aishindilie kwenye mito. Hakuangalia upepo. Nilikuwa nafua, nikainua kichwa, naona kamba yangu yote ya nguo imeota manyoya meupe, paa la jiko jeupe, hata kuku wangu mweusi kavaa kofia. Jirani akaanza kuniomba radhi kutoka upande wa pili wa ua. Nikamwambia hakuna tabu, shoga, sufi haiumi mtu. Mdomo ndio uliosema hivyo. Kifuani, loo, wivu ulinipanda, mtu mzima mie, nikageuza ndoo nikakaa. Si wivu wa godoro, maana wote siku hizi tunalalia sponji. Ni wivu wangu wa zamani, wa picha.

Nyumbani kwetu ni Chumbi. Nyie mliokulia bondeni mnazijua nyumba zetu: udongo, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kuta ambazo hazifiki juu. Paa moja linatufunika wote, kwa hiyo ukipiga chafya chumba cha mwanzo, aliye chumba cha mwisho anakwambia pole. Baba alikuwa mtu wa dungu. Mpunga ukishachipua anahamia shambani, analala juu ya dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, mchana anawinga ndege, usiku anawapigia debe nguruwe wakimbie, na nyumbani tunabaki wanawake watupu: mama, dada yangu Siwema, na mie Tatu, kitindamimba. Wa katikati yetu Mungu alimchukua akiwa mchanga.

Siwema alipomaliza darasa la saba, muda si muda akavunja ungo, akawekwa ndani. Akawa mwali. Chumba kimoja, dirisha dogo la kupitisha hewa, jamvi jipya, na Somo wake anayeingia na kutoka kumfunda. Haendi kisimani, haendi shambani, haonwi na mwanamume wala mgeni. Akienda msalani anafunikwa kanga gubigubi, alfajiri au magharibi. Na kwa kuwa alikuwa ameshachumbiwa na kijana mmoja wa kule delta, kwenye mikoko, watu wote walizungumza habari zake yeye tu. Mwali kala? Mwali kalala? Mwali kasingwa? Somo anamsinga kwa liwa mpaka nyumba nzima inanukia kama kuna sikukuu, na mie uani nanuka moshi.

Nitasema kweli, wenzangu, roho iliniuma. Kazi za watu wawili zote zilikuja kwangu. Maji mie, kuni mie, kutwanga mie, kupeleka chakula cha baba bondeni mie. Na jioni nakalishwa kuchambua sufi ya godoro la mwali, natoa mbegu moja moja, pua inawasha, macho yanatoka machozi, wakati mwenye godoro yuko ndani kajinyoosha. Nikilalamika, mama anasema, "Zamu yako itafika." Mie zamu sikuitaka siku hiyo isiyojulikana. Niliitaka pale pale.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Hana.

Bwana shamba ndiye aliyetuletea, kampakia nyuma ya pikipiki: mwanamke mdogo mdogo, miwani, kofia ya kufungwa kwa kamba chini ya kidevu. Mama akatandika mkeka, salamu zikaenda zikarudi, kisha bwana shamba akasema, "Mama, huyu mgeni katoka Japani, kaja kuangalia mpunga wetu wa kienyeji. Anatafuta chumba mpaka karibu na mavuno. Anaitwa Hana."

"Hana nini?" mama akauliza.

"Hana tu."

"Hana kitu kabisa?" Mama akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kofia. "Maskini ya Mungu! Katoka mbali kote huko, hana hata ndugu?"

"Jina, mama! Hana ndilo jina lake!"

Lakini mama alikuwa ameshainuka kumtafutia kiporo cha wali na samaki. Jina lile lilitusumbua mpaka tukalizoea. "Hana hana chumvi, mpelekee." "Hana hayupo, kaenda shamba." Somo yeye hakulizoea kamwe. Alikuwa akiguna, "Wazazi gani hao wanampa mtoto jina la ukosefu?" Hana alipoelewa kinachotuchekesha alikwenda uani, akachuma ua la mboga ya maboga, akalishika mbele ya pua yake, akasema, "Hana. Hii." Kwao ni ua. Mama akafurahi, akasema basi afadhali.

Alipewa chumba cha mbele, kinachopakana ukuta na chumba cha mwali. Na mie nikapewa Hana. Namaanisha hivyo hivyo, nilipewa, maana mama alisema, "Tatu, huyu mgeni ni wako, mwangalie." Nikamchotea maji, nikamfundisha kuoga kwa kata, nikambebea mkoba wake tukashuka bondeni. Alikuwa na kazi ya ajabu, anachuchumaa mbele ya shina la mpunga kama mtu anayesikiliza umbea, anaandika, anahamia shina jingine. Kila tunachopita ananiuliza jina lake. Ulimi wake haukutaka kusema l, kila l kwake ilikuwa r. Siku moja alimwambia mama, "Mama, naomba karamu," na mama akaduwaa, akidhani mgeni anadai apikiwe sherehe, kumbe anataka kalamu iliyodondoka uvunguni.

Siku zake za mwanzo aliniuliza, "Wewe, mimi kuita nani?"

Nikafikiri. Ningesema Tatu mambo yangekwisha. Lakini nyie mnajua, kitindamimba hana wa kumwita dada. Maisha yangu yote neno lile lilikuwa linatoka kinywani mwangu kwenda kwa mwingine. Siwema alikuwa Dada kwangu, Dada kwa watoto wa jirani, hata mama akitaka kunituma anasema, "Mpelekee Dada." Nikaona hapa nimepata mtu asiyejua chochote. Nikamwambia, "Niite Dada."

"Dada," akasema.

Mara ya kwanza aliponiita kutoka chumbani kwake, "Dada!", nilimsikia vizuri sana ila sikuitikia. Nilisubiri aite tena. Akaita tena. Ndipo nikasema, "Abee!" na kwenda mbio. Tangu hapo ikawa Dada twende, Dada hii nini, Dada njoo, chai. Mie na Hana tulikuwa tukicheka chumbani mle mpaka Somo anagonga ukuta. Na Siwema, Hana hakumwita dada hata siku moja. Nilishamweleza kwamba nyuma ya ukuta kuna mwali na haruhusiwi kumwona. Basi kila asubuhi anasogeza mdomo ukutani anasema, "Mwari, hujambo?" Somo akampenda kwa hilo tu. Akasema mgeni anatamka kama wazee wa zamani.

Kuna siku tumepumzika bondeni chini ya dungu la baba, Hana akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba ana picha ya nyumbani kwao, imo ndani ya lile bomba la karatasi ngumu lililosimama pembeni mwa kitanda. "Mimi kwenda Japani, picha kubaki," akasema. "Picha ya Dada." Sikuomba kuiona. Niliogopa nikiiomba mapema atabadili nia. Nikawa nalitazama lile bomba kila ninapofagia, nalifagia mpaka na kifuniko chake.

Sasa sikilizeni balaa langu. Siku aliyoondoka sikuwapo. Mvua ilikuwa imeanza kuharibu njia, gari la kumchukua likaja kabla ya siku yake, na mie nipo bondeni na kapu la chakula cha baba. Narudi jioni, miguu tope mpaka magotini, naona chumba cha mbele mlango wazi, kitanda kitupu, bomba halipo. Nikasimama pale nikilia kwa sauti. Mama akanitokea na kanga yake begani.

"Amekuaga, mwanangu. Kasubiri sana, dereva ndiye kamharakisha. Kalia, masikini."

"Na picha yangu iko wapi?"

"Picha gani yako? Picha kampa mwali."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kisima. Mama akanieleza kwa furaha, wala hakujua ananiua. Hana kaitoa picha kwenye bomba, kaikunjua, kaeleza kwa mikono kwamba hazipigwi kwa kamera hizo, wanachonga ubao, wanapaka rangi, wanagandamiza karatasi, rangi hii ubao wake, rangi ile ubao wake. "Kama muhuri wa ofisi ya kijiji," mama akasema, "ila mzuri." Halafu Hana kaiweka mikononi mwa mama akasema, "Hii ya Dada." Basi mama kaipeleka kwa Dada, moja kwa moja, na misumari mitatu ya bati.

"Dada ni mimi!" nikasema.

"Wewe?"

"Hana alikuwa ananiita Dada! Siwema alikuwa anamwita Mwari!"

Mama akacheka. Hakuwa mtu mbaya mama yangu, lakini siku ile alicheka. "Hana alimwita kila mtu dada. Hata yule mbuzi wa baba yako nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, dada toka. Wewe dada wa nani, Tatu? Nani anakufuata nyuma, kuku?"

Somo akacheka. Na nyuma ya mlango wa mwali nikasikia kicheko kingine, cha kuzibwa na kiganja. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Nikasema, "Ebo! Na wewe unacheka?" Nikafyonza, nikapigwa kofi la mgongoni kwa kumfyonza mwali, nikaenda kulala na tope langu.

Kesho yake nilipopeleka uji ndipo nilipoiona. Ilikuwa ukuta wa ndani kabisa, mkabala na dirisha, na mie sikuruhusiwa kupita kizingiti zaidi ya hatua ya kuweka bakuli. Mwanga wenyewe wa kuazima. Niliona jengo kubwa jekundu juu ya kilima, mapaa mawili, moja limemkalia mwenziwe, pembe zimepinda kwenda juu kama viatu vya bwana harusi. Miti myeusi. Na juu ya kila kitu, juu ya mapaa, juu ya matawi, chini njiani, sufi.

Leo najua ile ni theluji, na lile jengo ni hekalu la Wabudha. Theluji shuleni tuliambiwa iko juu ya Kilimanjaro, nami nikaelewa kwamba inakaa kule, kileleni, kama kofia inavyokaa kichwani. Hakuna aliyetuambia inaweza kushuka ikakuta watu majumbani. Mie nilichokijua cheupe, chepesi, cha kudondoka kimya kimya na kulala juu ya paa ni sufi, tena vidole vyangu vilikuwa bado vinawasha nayo. Nikamwambia mama, Japani kuna misufi mpaka inamwagika barabarani na hakuna anayeokota. Mama akaenda kutazama, akarudi anatikisa kichwa. "Magodoro mangapi yale, ya Rabi! Ndiyo maana Hana alikuwa haumwi mgongo."

Na jengo, wote tulijua ni msikiti. Hana alishasema ni mahali pa sala. Somo peke yake hakuridhika. Alisimama mbele ya picha ameshika kiuno.

"Msikiti gani hauna mnara? Hauna hata mwezi."

"Wetu una mnara?" mama akamjibu. "Si muadhini wetu anapanda juu ya kinu?"

"Wetu tunaujua sisi. Mie naona huu tuutoe, mwali asije akaota mambo ya watu."

Nikatega sikio. Iondolewe, iwekwe ukumbini, niipate! Lakini mama alikataa katakata. Akasema binti yake anatazama udongo kutwa kucha, mwache atazame msikiti. Basi picha ikabaki, na mie nikabaki na wivu wangu.

Wivu ule haukuwa wa kupita. Ulikaa, ukapata kimo. Nikitwanga nawaza picha. Nikichota maji nawaza ndoo hii ni ya mtu aliyelala na picha yangu. Nilimwona Siwema kila mara anazidi kunawiri, ngozi imetakata, mashavu yamejaa, sauti imekuwa ndogo, macho yanatazama chini, na mie nikajua yale ni maringo. Aliyetosheka haongei sana. Akipokea bakuli anasema asante kwa sauti ya pamba, na mie najibu, "Picha yangu inaendeleaje?" Siku nyingine ananiuliza, "Nje kunanyesha?" Nami namjibu, "Una picha, tazama humo." Au anauliza, "Mpunga umefika wapi?" Namwambia, "Umefika shambani." Alikuwa akinitazama kidogo, kisha anageuka ukutani, na mie naondoka nimevimba, nikisema moyoni, si kageukia picha yangu huyo.

Nilijaribu kumtumia baba. Alipopanda nyumbani siku ya Ijumaa nilimweleza kesi yangu yote, tangu dungu mpaka misumari. Baba alisikiliza vizuri, akala, akanawa. Akasema, "Mwali akishatolewa, mambo ya ndani yatatoka. Ngoja mavuno." Nikaona hiyo ni hukumu, na nimeshinda. Nikaanza kuyangoja mavuno kuliko wenye mpunga. Ndege wakivamia shamba nilikuwa nawarushia mabonge ya udongo kwa hasira, nikiona kila punje wanayokula inaichelewesha picha yangu.

Hatimaye mpunga ukavunwa, siku ya ngoma ikapangwa. Nyumba ikawa haina pa kukanyaga: vinu vinatwanga, wageni kutoka Ngorongo na Utete wanashuka na mabunda yao, godoro la sufi limekwisha kushonwa limesimamishwa ukumbini, nene, nimelichambua mwenyewe. Na siku hiyo hiyo nikasikia mama akimwambia Somo kwamba baada ya kumtoa mwali hatutangoja sana, watu wa delta wanataka mke wao. Atachukua godoro, mito, sufuria, mikeka.

"Na ule msikiti wake," Somo akasema. "Keshauzoea sasa, ataubeba."

Kumbe hukumu ya baba haikuwa hukumu. Mambo ya ndani yatatoka, naam, yatatoka moja kwa moja mpaka kwenye mtumbwi, na mikokoni huko nani atanipeleka kuyafuata? Nikaona hapa hakuna wa kunisemea. Ama leo leo, ama sina picha tena.

Alasiri wakatoka, mama na Somo, kwenda kwa wapiga ngoma. Nikaambiwa, "Tatu, kaa na mwali, usitoke." Nikasema, "Haya mama." Hata vumbi lao halijatulia, nimeshachukua kisu cha jikoni cha kung'olea misumari, nimevuka kizingiti.

Siwema alikuwa amekaa kwenye jamvi, amekumbatia magoti. Akanitazama, akakitazama kisu.

"Nimekuja kuchukua picha yangu," nikamwambia.

"Ichukue. Ni yako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, wallahi. Nilikuwa na maneno ya kumjibu mpaka magharibi.

"Ni yangu? Unajua kwamba ni yangu?"

"Nilijua tangu siku ile. Huu ukuta si ndio huu? Dada twende, Dada njoo, Dada hii nini. Mie alikuwa ananiita Mwari."

"Sasa mbona hukumwambia mama? Mbona ulicheka?"

"Nilicheka kwa sababu niliona nimeipata." Alisema hivyo bila haya yoyote. "Ningemwambia mama, Tatu, ningebaki na nini humu? Wewe ulikuwa naye kutwa. Mnakwenda bondeni, mnarudi mnanuka tope, mnacheka, mie nimeweka sikio hapa nasikia robo robo, hata cha kuchekesha chenyewe sikijui. Nikigeuka, Somo ananiambia mwali hacheki cha ng'ambo. Nilikuonea wivu mpaka nikawa namwomba Mungu uteguke mguu."

"Mie?" nilipiga ukelele. "Unionee wivu mie? Mie mchota maji?"

"Si unakwenda kisimani."

"Kisima nacho ni kitu?"

Nikampita, nikaenda kwenye ukuta, nikachomeka kisu chini ya msumari wa kwanza. Ukatoka kwa tabu, udongo ukamwagika, pembe ya picha ikalala. Nyuma yangu Siwema akasema, "Kabla hujaikunja, umeshaitazama?"

"Nimeitazama mara ngapi!"

"Kutokea mlangoni. Njoo hapa nilipokaa."

Nikarudi hatua moja mpaka kwenye jamvi, maana lilitandikwa chini ya ukuta ule ule. Akainyoosha ile pembe kwa kiganja, akaishikilia ukutani. Kwa karibu ilikuwa picha nyingine kabisa. Sufi haikuwa nyeupe tu, ilikuwa na vivuli vya buluu. Na pale chini, kwenye njia inayokwenda kwenye jengo, mahali ambapo kutokea mlangoni mie nilikuwa naona doa tu, kulikuwa na mtu. Mdogo kuliko ukucha wangu. Mgongo katupa sisi, ameinama kidogo, ameshika mwavuli umejaa nyeupe juu yake, anatembea peke yake.

"Nani huyu?"

"Ni wewe," Siwema akasema.

"Mie?"

"Mwone anavyokwenda kwa hasira. Ni wewe, unatoka kisimani. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza kama mvua inanyesha, nijue kama na huku nje unalowa."

Nilimtazama yule mtu kwa muda. Kweli alikuwa na hasira za kwangu, hata mabega. Nikauliza, "Na wewe uko wapi?"

Siwema akanyoosha kidole, kirefu, cheupe kwa kukaa ndani, chenye hina ya jana. Akakipitisha juu ya njia, juu ya ngazi, akakiweka kwenye mlango wa lile jengo jekundu. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mie nimo humu," akasema. "Kila nikiamka, kitu cha kwanza natazama umefika wapi. Tangu mpunga mchanga mpaka umevunwa, Tatu. Hufiki."

Huko nje vinu vilikuwa vinatwanga, na watoto wa wageni walikuwa wanakimbizana ukumbini, wanalipiga godoro ngumi. Nikautafuta ule msumari kwenye udongo, nikauona, nikaurudisha kwenye tundu lake kwa mpini wa kisu. Kisha nikamwambia, "Sogea huko." Akasogea, nikakaa.